Jina Hili Linatumika

Septemba, Winnipeg, Mtaa wa Ellice, chumba cha chini,
bomba la mvuke linakohoa kama mlinzi wa zamu.
Nina orodha ya watu thelathini na wanne,
wanafunzi wapya wa darasa la jioni,
na kila mmoja nimpe jina la kuingilia
lisilofanana na la mwenzake hata kwa nukta.

Ofisi imenipa kanuni: herufi ya kwanza,
jina la ukoo, siku na mwezi wa kuzaliwa.
Kanuni nzuri, kwa watu waliozaliwa siku zao.
Kumi na mmoja kati ya hawa wangu wamezaliwa
tarehe mosi Januari, kwa kalamu
ya karani wa kambi aliyekuwa na foleni ndefu.
Mzee Rukara huiadhimisha kwa soda moja.
"Mapacha wangu," asema, akilipungia darasa zima.

Nikaitupa kanuni. Nikauliza mmoja mmoja.
Bwana wa Uvira alitaka jina la ng'ombe wake.
Mwingine, mpiga vigae, akataka "fundi" tu,
mashine ikakubali, nami nikaona wivu kidogo.

Kisha akaja binti wa miaka kumi na tisa,
koti la mtumba, bei bado imebandikwa mgongoni.
Mapendo Nabintu.
Nikaandika. Mashine ikajibu kwa wekundu:
jina hili linatumika tayari.

Akasoma taratibu, akacheka bila sauti.
"Ni la bibi. Alikaa kiti kile, karibu na mlango."
Nikamkumbuka: glavu juu ya glavu,
kalamu akiishika kama sindano.
Tulimzika Februari; ardhi ilibidi ipashwe moto kwanza.
Akaunti yake hakuna aliyenikumbusha kuifunga.
Mle ndani mna kazi moja, sentensi tatu,
ya mwisho haina nukta.

Kwetu anayerithi jina ni somo,
na masomo hugawana jina kama sinia la wali,
haulizwi mtu nani aliyetangulia kunawa.
Mashine haijui somo. Inajua wazi, inajua imejaa.
Ikapendekeza: Mapendo Nabintu, mbili.

Nikasema naweza kumfuta yule, ni kubonyeza tu.
Nilisema haraka mno. Nikatamani kuyameza.

"Mwache," akasema. "Niandike mbili.
Yeye ndiye aliyekuwa akitangulia kuamka."

Ikabaki nywila. Herufi nane au zaidi,
moja kubwa, tarakimu moja, na alama isiyosomeka.
Hiyo hata mimi sipaswi kuiona.
Nikageuza kiti kuelekea dirisha, miguu ya watu
ikipita juu ya kichwa changu kwenye lami ya mvua,
nikasikia vidole vyake: nne, tano,
akasita,
akafuta yote,
akaanza upya.