Sharubu la Kushoto

Saa kumi na moja alfajiri Esekibo inafuka ukungu
kama chungu cha mtu aliyechelewa kupakua.
Wiebe amekaa mbele, jirani na sanduku la barafu,
mhandisi wa madaraja, mstaafu.
Amelipia siku tisa. Leo ni ya nane.
Haongei tena.

Nakata perai kwa panga, naacha damu ichuruzike,
natunga kipande kwenye ndoano iliyopinda kama sikio la mtoto.
"Dondosha hapo," namwambia,
"maji yanapojikunja nyuma ya mwamba.
Wakubwa hulala pale, wakisubiri kuletewa."
Simwambii kwamba mwamba huu naujua
kama kizingiti cha kwetu.

Tunangoja. Kasuku wawili wekundu wanapita wakigombana.
Jua linapanda juu ya miti, linatutafuta shingoni.

Kisha ufito unainama.
Si kudonoa, si kutikisa. Unainama tu,
kama mtu anayeamkia.
Na kigurudumu kinalia,
mita hamsini, mita mia,
nafungua nanga haraka maana samaki huyu havutwi na boti,
yeye ndiye anayeivuta.

Dakika arobaini na tano.
Wiebe analaani kwa lugha yake, anaomba kwa lugha yake,
kwangu mimi sauti ni ileile.
Anasema: mgongo. Anasema: moyo.
Namwagia maji kichwani.
"Usimpe mshipi bure. Usimnyime pia."

Kwanza mapovu.
Kisha kichwa, kipana kama dawati la shule,
na masharubu: la kulia refu kuliko mkono wangu,
la kushoto limekatika nusu.

Ndiye.

Mwaka juzi alikuwa wa Annelore, daktari wa meno, aliyelia.
Machi iliyopita alikuwa wa ndugu wawili wa Osaka
waliompigia makofi kama bwana harusi.
Septemba, wa kijana mmoja ambaye hakuniuliza jina.
Kila mmoja kamtundika sebuleni,
samaki wa maisha yake.
Na mkono wangu umo katika kila picha,
umeshika mkia,
umekatwa kwenye kiwiko.

Tunapima kwa utepe, tunapiga hesabu:
kilo mia na kumi na tatu.
Ulimi unaniwasha niseme, amenenepa.
Wiebe anagusa kile kipande cha sharubu.
"Huyu amewahi kushikwa?"
"Mto ni mpana, bwana."
Si uongo. Mto ni mpana kweli.

Jioni Koko atauliza, kama anavyouliza kila mara,
"Mlimshika?"
Ndiyo, Koko.
"Mkamwacha?"
Ndiyo, Koko.
Atasimama na mwiko mkononi.
"Babu yako alipomshika mmoja wao tulikula siku nne,
hata jirani tuliyenuniana naye alikuja na bakuli.
Huyo wenu alikuwa na kosa gani?"

Sasa Wiebe yuko botini, mikono inamtetemeka,
anakunywa bia ya moto, anacheka peke yake.
Mimi nimebaki majini hadi kifuani,
kiganja chini ya tumbo lake, mdomo wake nimeuelekeza kwenye mkondo.
Matamvua yanafunguka. Yanafumba. Yanakawia.
Jicho lake ni dogo, kama kifungo cha shati.
Ada ya Shenella imo humu. Mabati ya jiko yamo humu.
Deni la injini, nusu yake.
Pumua, baba. Pumua.

Vidole vimeanza kufa ganzi anapokumbuka kwamba ana nguvu.
Mkia unanipiga kofi la maji usoni,
na pale alipokuwa pamebaki matope yanayozunguka.

Jumatatu wanakuja wawili kutoka Lyon.
Nitawapeleka kwenye mwamba mwingine.
Siku tatu za kwanza, angalau.