Kichujio Namba Kumi na Saba

Agosti, Lubumbashi. Mvua bado iko mbali,
na mama anafagia ua mara tatu kwa siku
kama mtu anayelipa deni lisilopungua.

Mimi nakusanya anachokifukuza.
Jioni naweka kisahani juu ya bati,
asubuhi nakipeleka maabara, chini ya lenzi,
naiuliza kila chembe: kwenu wapi?

Wekundu huu ni wa barabara ya Kipushi, wa malori.
Hii ya kijivu, nyepesi, ni majivu ya vichaka
wanavyochoma watu kutafuta panya.
Na hii nyeusi, inayong'aa kama kipande cha chupa,
haina haja ya kuulizwa:
imeshuka kwenye kile kilima cha mavi ya shaba
kilichoota kando ya dohani.

Mwezi uliopita ilifika bahasha kutoka melini.
Walikuwa wametandaza vichujio usoni pa upepo,
siku nne toka pwani, katikati ya Atlantiki,
mahali pasipo na ardhi ya kulaumiwa.
Tusaidie, waliandika, kutafuta chanzo.

Nyingi zilikuwa za jangwani, naam,
mviringo, zimesuguliwa na mwendo,
zina upole wa watu waliokwisha kuhama mara elfu.
Ila kwenye kichujio namba kumi na saba
zilikuwamo tatu nyeusi.
Zenye makali.
Nilizijua kabla sijarekebisha lenzi,
kama unavyomjua mtu wa mtaa wenu kwa kikohozi chake.

Usiku nilimwambia mama: vumbi letu limefika baharini.
Alikuwa anasonga bukari, hakugeuka.
«Bila pasipoti?»
Mwiko ukazunguka, ukazunguka.
Kisha akasema, kama anayeongea na sufuria:
«Kisimba alitamani sana kuiona bahari.»

Baba. Miaka ishirini na tisa mbele ya tanuru,
na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Likasi.

Katika ripoti niliandika digrii na dakika tu.

Kesho yake nikakuta kisahani changu kimeoshwa,
kimeanikwa pamoja na vikombe;
mgeni anakuja, alisema, nyumba haiwezi kukaa hivi.
Amefuta meza, redio, fremu ya picha,
hata majani ya ua la plastiki, moja moja.
Lakini ovaroli iliyoning'inia nyuma ya mlango
hajaigusa tangu tuzike.
Ukiipiga kofi moja tu,
chumba kizima kinaingia giza.