Gari Dogo Halipandi

Askari wa kizuizini, pale Birkat al-Mauz,
aliinama, akatazama magurudumu yetu
kama mganga atazamavyo ulimi wa mtoto.
Hili halipandi, akasema. Mlima una masharti yake.
Shangazi Thuwaiba, aliyeamka saa kumi alfajiri
kukaanga sambusa arobaini na mbili za kulia kileleni,
alimshukuru kwa Kiarabu,
kisha akanigeukia kwa Kiswahili cha Wete:
"Basi na ushuke wenyewe."

Waridi hatukuliona. Wala mikomamanga
iliyojishikiza kwenye ngazi za mawe,
wala lile korongo ambalo binamu Harith
alinitumia picha zake kumi na tisa, mimi nikiwa Tanga,
kidole chake kimeziba pembe ya kila moja.
Nilikuwa nimeazima viatu vya kupandia.
Vilinibana bure.

Nyuma ya migomba kuna mji wa udongo
unaomomonyoka bila haraka ya kumaliza.
Nyumba zimepandana mabegani,
dari zimeanguka, vigogo vya mitende
vimebaki vikielekeza angani, kila kimoja kwake.
Kibao kinasema: Hatari, usiingie.
Shangazi alikisoma mara mbili.
Mimi nikajifanya sijui Kiarabu, jambo ambalo ni kweli.

Ndani, harufu ya vumbi lililonyeshewa zamani.
Shubaka jeusi kwa moshi wa taa.
Chumba kimoja sakafu yake ina michirizi
ambamo asali ya tende ilichuruzika,
makanda yakikandamizana juu yake msimu mzima.
Nilipitisha kidole. Mchanga tu.
Na ukutani, juu ya mlango, viganja vya mwashi
vilivyokauka na lipu. Nikaweka changu juu.
Vyake vidogo. Labda alikuwa mtoto.
Labda alikuwa mwanamke, na hakuna aliyeandika.

Ndipo nikasikia, kutoka chini, njiani:
"Hodi!"
Shangazi, mkoba kifuani, amesimama
mbele ya mlango usio na ubao.
"Hodi!"
Akangoja kiasi cha mtu kufunga upindo wa kanga,
kuondoa sufuria motoni, kutafuta kandambili.
"Hodi."
Ya tatu aliisema kwa sauti ndogo.
Kisha akageuka, akaondoka, kama adabu inavyotaka.
Nilikuwa juu yake, hatua kumi na mbili.
Mate yalinikauka. Sikusema kitu.

Nilimkuta kwenye falaji,
pale maji yanapogawanywa mikondo mitatu,
jiwe likiyapima, hakuna mkondo unaopunjwa.
Alikuwa ametupa vipande vya jani la mgomba,
akiangalia kila kimoja kinakwenda wapi.
"Huyu Pemba," alisema. "Huyu Maskati."
Cha tatu kilikwama kwenye ukoka.
Akakitazama muda mrefu, hakukisukuma.

Vibarua wawili wa Sylhet walikuwa wakipalilia.
Aliwaita, akafungua bakuli, akahesabu:
kumi na nne kwa Rofiqul, kumi na nne kwa mwenzake,
kumi na nne zetu sisi.
Tulikula miguu ikiwa majini.
Visamaki vidogo vikadonoa malengelenge yangu.
Rofiqul aliuliza, kwa ishara, kama tunatoka mbali.
Shangazi akanyoosha mkono kusini,
akaushusha, akaunyoosha tena, mbali zaidi.

Kurudi Maskati, mlima ulitufuata kiooni
hadi Izki, kisha ukaacha.
Nilidhani amesinzia.
"Ile nyumba," akasema, macho yamefumba,
"kulikuwa na mtu ndani?"
"Nilikuwa mimi."
Gari lilikwenda. Lori la maji likatupita.
"Ungeitika," akasema.