Saa ya Otia

Otia ameileta ndani ya gunia la mahindi,
akailaza juu ya meza yangu polepole, kama mgonjwa.
Nje, mvua ya Kutaisi inaosha ngazi za soko la mboga.
"Makvala," anasema, "inawaka, halafu inanitazama tu."

Nabonyeza. Feni inakohoa. Taa ya samawati.
Kisha skrini nyeusi, na mstari mmoja mweupe:
hakuna mfumo, chomeka diski, bonyeza kitufe chochote.
Nabonyeza chochote.
Inarudia yale yale, kama shahidi aliyefunzwa cha kusema.

Ina miaka kumi na mitano. Bawaba moja
imefungwa kwa waya wa kutegemezea mizabibu.
Herufi tatu za kibodi hazipo; kidole chake kinazijua.
"Kijana wa duka la darajani aliniambia niitupe.
Nikamwuliza, na babu yako mlimtupa alipong'oka meno?"

Skrubu kumi na moja. Ya kumi na mbili
aliondoka nayo fundi aliyenitangulia.
Chini ya kifuniko, vumbi limeshikamana kama sufu,
na mbegu moja ya zabibu, sijui ilipitia wapi.
Natega sikio juu ya diski. Haigongi. Inavuma,
nyuki aliye chumba cha pili.
Basi haijafa. Kilichopotea ni njia ya kuifikia.

Nachomeka flashi yenye mfumo mdogo wa dharura,
nao unanieleza kwamba leo ni Januari mosi,
elfu mbili na nane, saa sita na dakika nne usiku.
Hapo nacheka. Kibetri!
Kile cha duara, kidogo kuliko kifungo cha koti,
kilichokuwa kikishika saa na mpangilio gizani.
Kimekauka. Na mashine, ikiamka bila jana,
inabisha hodi mtandaoni, inabisha kwenye CD,
mlango wa kwake imeusahau.

Nafungua faili moja, kupima tu kama zi hai.
Jina lake: Madeni.
Nutsa, lita kumi, ubatizo.
Mwalimu wa fizikia, lita sita, bila sababu.
Shalva mwezeka paa, lita arobaini, harusi ya binti.

Shalva ni baba yangu. Binti ni mimi.
Ndoa haikufika mwaka wa tatu;
divai, kumbe, ingali inadaiwa.
Baba husema alilipa. Baba husema mengi.

Otia anatazama mvua.
Kitufe cha kufuta kipo, si miongoni mwa vile vitatu.
Na kwa saa ya mashine hii deni halijakopwa bado:
sijavaa gauni, hakuna aliyesimama mezani na pembe ya divai,
nina miaka kumi na tisa
na vidole visivyonuka risasi ya kulehemu.
Ningeweza kuiacha huko huko, Januari.

Nafunga faili.
Kibetri kipya, lari mbili.
Naandika tarehe ya leo, tarakimu kwa tarakimu,
miaka ikipanda mmoja mmoja chini ya kidole,
na ule mmoja naubonyeza haraka.
Diski iwe ya kwanza. Mtandao wa mwisho. Hifadhi. Toka.

Skrini inaduwaa. Kisha rangi, kisha mlio,
kisha mbwa wa Otia, nyasi kichwani, anatutazama wote wawili.

"Nikulipe nini?"
"Lita arobaini," nasema.

Ananikazia macho muda mrefu,
kama mashine inayotafuta mlango.
Halafu anakuna kidevu: "Ile ilikuwa divai nzuri.
Nzuri kuliko bwana harusi."
Anausaka mstari, anaufikia. Haufuti.
Anaandika pembeni, kwa herufi zilizopo na zisizokuwepo:
imelipwa.
Na tarehe. Ya leo.