Nusu Milimita

Baba hakuwahi kununua kipimo.
Alipima pengo la pointi kwa jalada la kiberiti
cha mkahawa wa Burnell, uliofungwa mwaka nilioolewa.
Alilichomeka kati ya midomo miwili ya chuma,
akalivuta polepole, akasikiliza linavyokwaruza,
akasema, "Hapo."
Nusu milimita. Miaka arobaini mashua yetu
iliishi ndani ya pengo hilo.

Sasa ni Aprili, Ghuba ya Tibbet, pwani ya Maine.
Theluji imebaki nyuma ya banda tu, chafu, imekonda,
na mikono ya Baba haishiki tena bisibisi.
Inatetemeka hata ikilala mapajani,
kama injini iliyoachwa sailensa.

Mwaka jana, nje ya Mwamba wa Kondoo,
ukungu mzito kama uji, mitego sitini haijavutwa,
injini ilikohoa mara tatu ikanyamaza.
Pointi zilikuwa zimeungua, zimeota chunusi nyeusi.
Nilizikwangua kwa tupa ya kucha
huku mkondo ukitusukuma kinyumenyume kuelekea mawe,
na Baba akishika tochi kwa mikono miwili,
mwanga ukicheza juu ya kila kitu
isipokuwa pale nilipotazama.
Hatukusemezana hadi gatini.

Ndiyo maana nikaagiza kisanduku.
Kilikuja kwa posta, chepesi hata nikakitikisa
kuhakikisha kina kitu:
pete yenye sumaku sita,
jicho dogo la plastiki nyeusi, nyaya mbili,
na karatasi yenye maonyo kuliko maelezo.
Usichanganye hasi na chanya.
Usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imelala.
"Kumbe kinadeka," akasema Baba.

Nafungua kifuniko cha distributa.
Naweka alama kwa rangi ya kucha pale rota inapoelekea,
maana kubahatisha nilikumaliza mwaka jana.
Nang'oa pointi. Nang'oa kondensa.
Sahani iliyo chini ina mikwaruzo kuzunguka skrubu moja,
mingine imeingia juu ya mingine:
kila masika, mkono uleule, bisibisi ileile,
na mara moja, naona, mkono wangu, nikiwa na miaka kumi,
ulipoteleza.

Pete inaingia kwenye shafti: tak.
Hakuna kinachogusana.
Hilo ndilo lisilomwingia Baba.
"Kisichogusa kitajuaje?"
Namwambia, sumaku inapita, jicho linahisi,
koili inaachia cheche.
"Linahisi," anarudia,
kama mtu aliyetajiwa mkwe asiyemjua.

Nawasha.
Injini inashika kabla ufunguo haujamaliza kuzunguka.
Haina lile pigo lililopotea, moja katika kila kumi na kitu,
ambalo mama aliliita kwikwi
na akalitambua kutoka jikoni
kabla mashua haijazunguka rasi.
Baba anainamisha kichwa.
Anangoja ikosee.
Haikosei.
Anaweka kiganja juu ya boksi la injini, nami changu kando yake,
na kwa mara ya kwanza mwaka huu
siwezi kusema mtetemo ni wa nani.

"Usizitupe," anasema.
Nadhani anaaga. La, anawaza kama mvuvi:
"Hicho kikifa, hakitakohoa kwanza.
Kitakufa tu. Na huko nje hutakifungua
ukakikwangua kwa tupa."

Ana haki.
Nafunga pointi, kondensa na skrubu zake
katika kitambaa chenye grisi,
natia ndani ya chupa ya jamu.
Jalada la kiberiti analitia mwenyewe.
Mdomo wa chupa ni mpana, lakini inamchukua mara tatu,
mara nne,
nami nageukia dirishani
nihesabu mitego yangu, ambayo idadi yake naijua.