Nyeusi Haifichi

Nyeupe husitiri. Vumbi la siku tatu
hulala juu yake kama mgeni mstaarabu.
Nyeusi haifichi. Nyeusi husema
nani alipita na kanga kavu,
nani aliegesha kikapu cha samaki juu ya boneti,
kunguru gani alikuwa na haraka.
Ami Shaame aliniachia neno hilo pale Machomanne,
na ndoo mbili, na pipa linalovuja.
Ndoo moja ya povu, moja ya kusuuza.
Mchanga ukirudi kwenye sponji, alisema,
si kuosha tena, ni kuandika.

Gari la marehemu Mbarouk lililetwa na mdogo wake,
betri ya kuazima, tairi zimejazwa upepo asubuhi ile.
Miezi minne na siku kumi lilikaa chini ya mzambarau.
Mke alikaa eda ndani, nalo lilikaa eda nje,
likipakwa zambarau na ndege,
na vumbi la makonyo ya karafuu ya jirani.

Nililimwagia maji mpaka mchirizi ukaacha kuwa mwekundu.
Sabuni ya unga sikutia, hiyo hula rangi.
Kisima chetu kina chumvi,
maji yake yakikauka huacha madoa kama ndui,
basi la mwisho nikasuuza kwa mvua
niliyoikinga batini tangu Jumatatu.
Kisha udongo wa kusugulia,
nikaukanda kama unga wa chapati, nikaupitisha:
mwanzo hukwaruza, hulalamika,
halafu husikii kitu.
Hapo ndipo unajua.

Nikalisogeza juani, nikauona.
Utando wa buibui, boneti nzima,
duara ndani ya duara, laini kuliko unywele.
Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini
Mbarouk alilifuta kwa shuka kuukuu.
Nilimwona kwa macho yangu, nikapita, sikumwambia.
Akizungusha, akizungusha, midomo inakwenda,
kama anayebembeleza mtoto asiye na usingizi.
Na kila mzunguko ulibaki.

Nikalirudisha kivulini. Kazi ni kazi.
Dawa kidogo kwenye kitambaa, mstari ulionyooka,
mbele na nyuma, usizungushe, usizungushe,
na mkono wake ukaanza kutoka.
Boneti kwanza. Kisha mlango wa kushoto.
Penye kona ya kioo nilisita, nikanywa maji,
nikaendelea.
Adhuhuri ilipoadhiniwa
haikuwapo tena hata Ijumaa moja.

Nta ni jambo la subira. Ipake nyembamba,
nyembamba kuliko unavyodhani inatosha,
iache ikauke iwe ukungu,
ipanguse kwa kitambaa ambacho tangu kinunuliwe
hakijapata kuanguka chini.
Likatoka jeusi la ndani ya kisima.
Mawingu yakapita mlangoni,
nyaya za umeme zikapinda kwenye boneti.

Saa kumi Bi Kazija akaja kwa miguu,
buibui jipya, mikunjo ya dukani bado haijafa.
Hakuuliza bei. Alisimama mbele ya mlango
akajitazama, mweusi ndani ya weusi,
uso peke yake ukielea.
Akaivuta shela kidogo.
"Kumbe nimekonda hivi," akasema,
si kwangu.

Kisha akaweka kiganja juu ya boneti, kizima, vidole vitano,
akakiondoa. Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu.
Sikukitumia.

Akaingia upande wa usukani.
Gari likazima. Likazima tena.
Mara ya tatu likaruka kama mbuzi, likashika njia ya Wete,
shemejiye akikimbia nyuma na kiatu kimoja,
na ndipo nikakumbuka:
kwenye herufi za nyuma nta imebaki,
nyeupe, ndani ya kila tundu.