Lori la Magogo

Saa kumi na moja alfajiri lori la magogo
hushuka mtaa wetu wa Constitución,
na vikombe kwenye kulabu huanza kunong'onezana.
Taya langu hujifunga kama komeo.
Miaka sita tangu ardhi itulie,
lakini mwili hausomi kalenda.

Nilikuwa nikiutukana: We goti, nyamaza!
Tumbo, acha upuuzi, ni lori tu!
Nao ukazidi kukakamaa.

Nesi Yasna hakunipa vidonge siku ile.
Alinivua viatu. "Sakafu ikoje?"
Baridi, nikasema. Na chini ya kisigino
kuna chembe ya sukari.
Akacheka. "Basi, Herminda, upo."

Nikamkumbuka Canela, mbwa wetu,
siku tatu uvunguni baada ya tetemeko.
Nolberto alimwita, akamvuta mguu, akang'atwa.
Mimi nilijilaza chali sakafuni, kiganja wazi,
sikumtazama, sikusema kitu,
nikitoa pumzi polepole kama anayepoza chai,
hadi pua yenye unyevu
ikanigusa kidole gumba.

Tangu hapo sigombani na goti.
Nalilalia kando, nalingoja.
Siku nyingine halitoki. Haya.

Leo lori limepita.
Taya limeuma, limeshika,
kisha likaachia,
na kabla vikombe havijanyamaza
nikasikia birika likichemka jikoni,
mtoto wa jirani akikohoa,
na tumbo, lile lile nililolitukana,
likiniambia kitu cha kawaida kabisa:
kumbe nina njaa.